Waya wa Kijani

6 Februari

Mwanangu wa pekee,

Nakusalimu kwanza kabla sijaingia kwenye maneno mengine, maana nikishaanza sitakumbuka tena. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Unakula chakula cha kushiba au unakula cha kupoza njaa? Mimi mzima. Goti tu ndilo linanisumbua nikikanyaga cherehani muda mrefu, lakini hilo ni goti, halinizuii kusema.

Barua yako kwamba bendi ya hoteli imekuchukua upige gitaa la solo imenikuta ukumbini, nashona vitambaa vya viti vya harusi. Niliisoma kwa sauti. Wapambaji walipofika wamechelewa nikawasomea tena, wasije wakaambiwa na watu. Fundi mitambo wa ukumbi, yule wa kofia, akasema, "Mama, tumeshasikia." Nikamwambia wewe umesikia nusu. Mwanangu ni mpiga solo. Siyo yule wa nyuma anayechapachapa tu, ni wa mbele, anayetazamwa.

Sasa hilo la kiongozi wenu kusema gitaa lako linapiga kelele lakini halisemi, sijalipenda. Na kwamba usipobadilika kufikia katikati ya mwaka atamrudisha mpiga solo wa zamani. Huyo ana masikio au ana vipini vya kuvalia miwani? Niandikie anataka nini hasa. Mimi nilikuzaa unalia kwa sauti nzuri, manesi ni mashahidi.

Mama yako anayekuombea


27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona, na chakula cha hotelini kinashibisha. Pole na goti. Ukiona linavimba, acha viti vya watu visubiri.

Kiongozi hakunionea, Mama. Nilikuwa nafungua amplifaya mpaka mwisho, sauti inakwaruza, na vidole vinakimbia kama vinafukuzwa na mbwa. Aliyenifungua macho ni binti mwimbaji wetu. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Siku moja mazoezini aliniuliza, "Kaka, wewe huwa unapumua saa ngapi?" Tangu hapo hanipi nafasi. Kila ninachotaka kupiga lazima nikiimbe kwanza kwa mdomo. Nikishindwa kukiimba, sikipigi.

Basi nimepunguza makali ya amplifaya. Nachapa uzi karibu na shingo ya gitaa, sauti inapokuwa nene. Nauvuta uzi taratibu mpaka noti ipande, naishika hapohapo, nautikisa kidogo kama mtu anayejizuia kulia. Halafu nanyamaza. Chiriku anasema kunyamaza ndiko kunakowafanya watu wageuze vichwa.

Tatizo liko hapo. Amplifaya yetu ni kuukuu na ina mngurumo, mmmm, hauishi. Nilipokuwa napiga kelele haukusikika. Sasa kadiri ninavyopiga vizuri ndivyo unavyosikika, na unanijaa kila mahali ninapotaka kimya.

Ila watu wameanza kutupenda. Tuna mchezo wetu: nikirefusha solo, Chiriku anakuja na maiki yake mkononi, anabandika kiganja kwenye nyuzi zangu, sauti inakatika kwi. Ukumbi mzima unacheka.

Mwanao


15 Machi

Mpiga solo wangu,

Hujambo, baba? Huku tu salama, goti limetulia, ila limetulia kwa hasira. Msalimie huyo Chiriku. Binti anayekufundisha kupumua si wa kuachiwa apite hivihivi.

Kuhusu mngurumo, umekuja mahali penyewe. Sikiliza mama yako. Ukumbini kwetu spika zilikuwa na mdudu huyohuyo. Bwana harusi anaapa, spika zinasema mmmm. Fundi mitambo akafungua plagi ya amplifaya nikiwa nimesimama hapo na sindano mdomoni. Ndani mna nyaya tatu. Akaukata ule wa kijani, akaufunga ncha kwa utepe wa gundi, akarudisha kifuniko. Kimya, mwanangu. Ungesikia mchele ukidondoka. Nikamuuliza huo wa kijani ulikuwa na kazi gani, akasema hauna kazi, umeme unakuja kwa mmoja na kurudi kwa mwingine, huo wa tatu ni wa kujazia.

Kwa hiyo chukua bisibisi, kata wa kijani. Kiongozi wenu akikuuliza umejifunza chuo gani, mwambie chuo cha mama. Nimeishia darasa la saba lakini macho yangu hayakuishia hapo.

Mama yako, fundi


20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nina afya na nina furaha. Nimekata.

Mama, sijui nikuelezeje. Usiku wa kwanza niliupiga uzi mmoja tu, nikauvuta, nikauacha ufe wenyewe, na ulipokufa hapakuwa na kitu kabisa. Niliwasikia watu wakiacha vijiko. Kiongozi alikuja nyuma ya jukwaa akanishika bega, akasema yule wa zamani hatarudi tena. Kazi ni yangu.

Babu Besi peke yake ndiye aliyenuna. Ni mzee wa bendi, anapiga besi tangu sijazaliwa. Alisema, "Waliotengeneza plagi hawakuweka waya wa tatu kwa mapambo." Nikamwambia mama yangu ameona kwa macho yake. Akatikisa kichwa akaenda kuvuta sigara.

Chiriku naye siku hizi analalamika maiki inamtekenya midomo nikiwa karibu. Anasema inamng'ata kama sisimizi. Tunacheka.

Mwanao, mpiga solo wa kudumu


2 Mei

Mwanangu, jina langu mjini,

Hujambo wewe na hujambo mkwe wangu? Ndiyo, nimesema mkwe. Msichana anayesikia sisimizi midomoni ukimsogelea, huo si umeme wa maiki. Nimewahi kuwa kijana.

Kumbe mzee wa besi bado ananuna? Mwache anune, wivu wa uzeeni hauna dawa. Huku nimekuwa mtu wa kutafutwa. Ile bendi ya vijana wa mtaa wa nyuma nimewaambia nao wakakata, mpiga gitaa wao sasa ananiita mwalimu. Mwalimu wa muziki wa shule naye nimempa siri, kakata ya shule. Kote nawaambia: hili limetoka kwangu, likapimwa na mwanangu hotelini, likafaulu.

Nimeanza kumshonea Chiriku gauni la jukwaani, la bluu, mgongo wazi kidogo lakini si wa kumtia mama yake aibu. Nililikadiria kwa ile picha yenu ya pamoja uliyonitilia kwenye bahasha. Nitampa dereva wa basi alilete.

Mama yako, na mama mkwe mtarajiwa


10 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Sijapata jibu la barua yangu, nadhani posta wameikalia. Au ni kazi nyingi. Ukiwa maarufu hata kalamu inakuwa nzito, nawaambia watu hivyo wakiniuliza.

Gauni limekamilika, dereva ameondoka nalo juzi. Mwambie Chiriku likimbana kwapani asilikate mwenyewe, alirudishe nilipanue.

Niandikie hata mistari miwili.

Mama yako


14 Julai

Baba,

Hujambo kweli? Dereva amerudi na gauni. Anasema hotelini walimwambia mwenyewe hayupo, wakaulizana, wakaondoka mmojammoja, hakuna aliyepokea. Nikamuuliza hayupo kaenda wapi, akasema hakuambiwa. Alikuulizia na wewe, akajibiwa hupigi siku hizi.

Mmegombana? Kama mmegombana sema, mapatano ni kazi yangu. Kama umefukuzwa pia sema, nitajua la kuwaambia watu.

Huku mambo yanaendelea. Ukumbi umenunua amplifaya ya pili na fundi ameikata nayo. Vijana wa mtaa wa nyuma wameitwa kupiga harusi tatu, na yule mwimbaji wao ameiga mchezo wenu wa kuziba nyuzi, nimewaelekeza mimi.

Nina wasiwasi. Niandikie.

Mama


3 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mwili wangu mzima. Barua zako zote tatu ninazo.

Chiriku amefariki. Alifariki mwezi wa tano, jukwaani, mbele yangu.

Siku ile tulihamisha vyombo kwenda kupiga bustanini. Amplifaya iligongwa kwenye ngazi. Ndani yake waya wa moto ukachomoka, ukagusa chuma cha kasha. Fundi umeme wa hoteli aliifungua baadaye mbele yangu akanionyesha. Alisema ule wa kijani, unaoupeleka umeme ardhini ukivuja, ungekuwa mahali pake, fyuzi ingekatika palepale, na sisi tungelalamika tu kwamba amplifaya imekufa. Kwa kuwa haukuwepo, umeme ukakaa kwenye kasha, ukapanda kwenye kebo ya gitaa, ukakaa kwenye nyuzi. Mitambo ya maiki yake ilikuwa na waya wake wa kijani, kwa hiyo aliyeshika maiki na kugusa nyuzi zangu ndiye angekuwa njia.

Mimi nilikuwa na viatu vya mpira na nimesimama kwenye zulia kavu. Sikuhisi kitu. Nikapiga solo, Mama, na sijawahi kupiga vizuri namna ile, na sitapiga tena. Chiriku akaja na maiki mkononi, akabandika kiganja. Watu wakacheka. Waliendelea kucheka maana walidhani anaigiza. Na mimi nilidhani hivyo. Babu Besi ndiye aliyekimbilia plagi.

Mazishini mama yake aliniuliza mbele ya ndugu zake wote: nani alikufundisha kuukata? Nikasema hakuna, nilijitungia mwenyewe. Nilikusudia jibu hilo nizikwe nalo. Ndiyo maana sikukuandikia. Kila nikishika kalamu nilikuwa nakuona unasoma barua ukumbini.

Lakini umeniandikia kwamba vijana wa mtaa wa nyuma wamekata, na shule, na ukumbi amplifaya mbili, na kwamba mwimbaji wao anaziba nyuzi kwa mkono. Siwezi kunyamaza tena. Wazuie, Mama. Mkono uliokata ni wangu, na nilionywa, na sikusikia kwa sababu niliupenda ule ukimya. Sikulaumu. Ila wazuie leo, usingoje kesho.

Mwanao


30 Agosti

Mwanangu,

Hujambo. Mimi nipo.

Barua yako niliisoma peke yangu, kwa macho tu. Kisha nikakaa nayo mapajani mpaka mpambaji mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nilianza na fundi mitambo. Nikamwambia mtoto wa watu amekufa kwa plagi kama yako. Akasema, "Hiyo ilikuwa mbovu, Mama. Zetu nzima." Nikamwambia ya kwao nayo ilikuwa nzima mpaka ilipogongwa. Akasema, "Jumamosi kuna harusi. Spika zikinguruma bwana harusi atamwita nani, wewe?" Mwenye ukumbi naye akasema nimechanganyikiwa kwa sababu mwanangu kafukuzwa kazi.

Shuleni mwalimu alisikia mara moja. Alifungua plagi nikiwa nimesimama, akauunga.

Kwa vijana wa mtaa wa nyuma ndiko nilikoona kazi. Walicheka. "Si ni wewe uliyetuambia tukate, mwalimu? Leo tena umesoma kitabu gani?" Nikatafuta namna ya kulisema nibaki msafi. Nikasema nimesikia habari, kuna mtu, mahali fulani, alipata ajali. Wakasema pole yake, wakarudi kwenye mazoezi. Mwimbaji wao ni kijana mwembamba, kashika maiki, anacheza kando ya gitaa, na mimi namtazama mkono.

Ndipo nikapiga kelele wanyamaze. Nikaitoa barua yako nikawasomea yote, mpaka pale watu walipokuwa wakicheka. Nilipomaliza nikasema aliyemwambia mwanangu akate ni mimi, na niliposikia maiki inamng'ata yule binti niliandika mzaha. Mpiga gitaa wao alichomoa plagi ukutani, akaenda kutafuta bisibisi. Hakuna aliyenitazama, wala aliyeniambia pole. Nilitoka mwenyewe.

Ukumbini nimeshindwa. Niliingia asubuhi, amplifaya zikiwa hazijachomekwa, nikakata nyaya zao zote kwa mkasi wangu wa kitambaa. Wakanunua nyingine, wakaukata ule wa kijani tena, na mimi wakanitoa kazini. Kwa hiyo sasa nakaa nje, getini. Siku za harusi bendi zinaposhusha vyombo, nawafuata mmojammoja. Nawaambia fungueni plagi zenu na za humu, hesabuni nyaya, mwimbaji asimguse mpiga gitaa. Wameshanipa jina, Mama Shoti. Wengine wananicheka mpaka wanashika mbavu. Bendi moja ilirudisha vyombo garini ikaondoka, bwana harusi akanitukana sana. Nilimwacha atukane.

Wewe usiniambie hunilaumu. Mkono ni wako, sitakudanganya ili ulale. Lakini mdomo ulikuwa wangu, na ulitumwa na kujisifu. Gauni lipo sandukuni, sijui la kulifanyia.

Kitu kimoja nakuomba, na sikuombi, nakuagiza kama mama. Yule mama alikuuliza swali mbele ya kaburi la mwanawe ukampa jibu la uongo. Rudi kwake. Mwambie aliyekufundisha ni mama yako mzazi, mwambie na mtaa ninaokaa. Akitaka kuja kunitazama usoni, aje. Ila siku za Jumamosi asinitafute nyumbani.

Mama yako