Dole Gumba Kwenye Karatasi ya Nyumba

Kizwite, Sumbawanga
Tarehe 14 Julai

Kwako dada yangu Agnesi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kirando, wewe na Lucia, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipoacha kubeba matenga ya dagaa kichwani. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni ya kuvaa makoti mawili. Asubuhi gundi yangu ya mbao inaganda koponi mpaka niiweke juani kwanza. Mahindi tumeshapukuchua. Mke wangu Victoria anakusalimu sana, na watoto wanauliza lini shangazi ataleta samaki wa migebuka.

Kwenye simu uliniambia umeonyeshwa kijumba cha vyumba viwili karibu na kanisa, ukaniomba nikueleze sisi tulipataje hiki chetu bila kutapeliwa. Nilikujibu kwamba nitakuandikia, kwa sababu yapo mambo ambayo simu haiyawezi. Nakuomba uisome mwenyewe, usimpe Lucia akusomee.

Mwezi wa Machi mwenye nyumba wetu wa Majengo alitwambia kuwa mwanawe anaoa, vyumba anavihitaji, tuhame kabla Juni haijaisha. Nimetengeneza milango ya nyumba za watu miaka kumi na miwili, na sisi tulikuwa bado wapangaji. Basi tukaamua akiba yetu iende kwenye nyumba. Dalali mmoja kijana, Kelvin, akanipeleka Milanzi kwenye nyumba ya bwana anayeitwa Modesti. Vyumba vitatu, bati jipya, kisima uani, na bei ya chini kuliko nyumba zote za jirani. Kelvin akawa ananihimiza: "Mshikaji, hii ukilala kesho huikuti."

Dada, ukiona mtu anakuharakisha, wewe mcheleweshe. Mimi nilirudi pale mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda mvua ikinyesha, nikaona maji yanapita wapi na ukuta upi unalowa. Mara ya pili nilikwenda mchana, nikatafuta mawe ya mipaka kwenye nyasi mpaka nikayaona yote manne. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nilimwacha dalali, nikabisha hodi kwa jirani, maana jirani hana anachouza.

Jirani mwenyewe ni mama mmoja anaitwa Rozina. Alinikaribisha togwa, akanisikiliza, kisha akaniuliza kama Zita, mke wa Modesti, amesharudi kutoka Laela, maana tangu Januari alikuwa huko akimuuguza mama yake. Nikamjibu kuwa hajarudi, ila karatasi ya ridhaa yake nimeonyeshwa, ina dole gumba. Mama Rozina akaweka kikombe chini. Akasema Zita ndiye anayesoma masomo kanisani kwao, na barua za jumuiya anaziandika yeye. Mtu kama huyo hutia saini. Dole la nini?

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Kelvin alinituliza kwamba wengi wanafanya hivyo, mama akirudi atakuta mambo yamekwisha na atazoea. Juni ilikuwa inakaribia, na sitakuficha, nilitamani kunyamaza. Victoria ndiye aliyeniuliza kama nitaweza kulala kwenye chumba cha mwanamke ambaye hajui kuwa nyumba yake imeuzwa. Kesho yake nikapanda basi kwenda Laela, na nakala ya ile karatasi mfukoni.

Zita nilimkuta anachambua maharage juani, mama yake amelala kwenye mkeka pembeni. Nilisalimia, nikajieleza, nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili. Hakulia wala hakufoka. Aliniuliza tu, "Hili dole ni la nani?" Nikamwambia sijui. Nikaangalia pembeni, na sababu yake nitakueleza.

Siku ya pili yake alirudi Sumbawanga, tukakutana sote ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Modesti alikiri. Alikuwa na ndoto ya kununua trekta dogo la mkono na kuhamia bonde la Rukwa kulima mpunga, akaogopa mkewe atakataa, akamwomba mtu wa sokoni apige dole. Zita alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mpunga hana ugomvi nao. "Lakini mimi si marehemu, Modesti. Ungeniuliza." Yule bwana aliinamisha kichwa kama mtoto. Nyumba haikuuzwa. Nasikia sasa wamekodi shamba bondeni kwa msimu mmoja, wajaribu kwanza, na wanakwenda wote wawili.

Mimi nilirudi nyumbani mikono mitupu, wiki tano zimebaki. Kumbe Zita hakunisahau. Ana baba yake mdogo hapa Kizwite, Mzee Ignasi, aliyekuwa anataka kuuza ili ahamie kwa binti yake aliyeko Namanyere, ila hakumwamini mnunuzi yeyote aliyekuja. Zita akampelekea jina langu. Alimwambia, "Huyu ndiye aliyenifuata mpaka Laela."

Dada, kama siku moja utakuwa muuzaji, uuze kama Mzee Ignasi. Kabla hata sijakaa, alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha bati lililooza na ufa wa jikoni. Akasema yaliyo mazuri nitayaona mwenyewe. Mkewe, Mama Albina, alikuwepo kila tulipozungumza, na watoto wao wote walipigiwa simu nikisikia. Nilikwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha jina lililoko kwao ni lile lile lililoko kwenye hati, nikamuuliza mwenyekiti kama kiwanja kina kesi, tukaandikishana mbele ya mwanasheria. Malipo yakapitia benki, hakuna aliyebeba noti kwenye bahasha. Na jina la Victoria limeandikwa pamoja na langu. Nyumba ni ndogo kuliko ile ya Milanzi na upepo wa Ufipa unaingia kwenye ule ufa, lakini tumeingia tarehe ishirini na sita Juni, tukiwa na amani.

Najua ukifika hapa utanisifu kwa safari ya Laela. Usinisifu, dada.

Mwaka ule ulipokwenda ziwani miezi miwili kununua samaki, ukarudi ukakuta nyumba yenu ya Majengo ina watu wengine, ulilia kwamba mauzo yana dole lako na wewe hukupiga dole popote. Marehemu shemeji Victor hakukwambia lilikuwa la nani. Ulimshuku wifi yako, dada yake Victor, mkaacha kusalimiana mpaka leo.

Dole lile lilikuwa langu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shemeji ndiye aliyeninunulia randa na msumeno wangu wa kwanza. Aliniita, akasema umekubali kila kitu, ila uko mbali na mnunuzi hana muda. Ningeweza kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilihisi jibu, na vifaa vile nilivitaka. Nikachovya kidole kwenye wino. Umepanga vyumba vya watu huko Kirando miaka yote hii, umemlea Lucia ndani yake, na mimi kila Krismasi nakula samaki wako nikiwa nimenyamaza. Zita aliponiuliza lile dole ni la nani, nilikusikia wewe.

Victoria nimeshamwambia. Kaka yetu Wilibrodi nitamwambia Jumapili hii, na wifi yako nitamfuata mwenyewe nimwombe radhi, kwa kuwa amebeba lawama isiyo yake. Nimepasua mbao za paa na za fremu za vyumba viwili, zinakauka hapa uani. Hazilipi nyumba yako, nalijua hilo, nami silinganishi. Ila ukinunua, paa nitakuja kuliezeka kwa mikono yangu, hata kama hutaki kuzungumza nami nikiwa juu ya ngazi.

Hicho kijumba usikiache, dada. Kikague kama nilivyokueleza, uwaulize majirani, umwone mke wa muuzaji kwa macho yako na umsikie akisema ndiyo kwa mdomo wake. Hati iandikwe jina lako kamili, nawe utie saini yako, kwa mkono ule ule ulionifundisha kuandika jina langu kabla sijaanza shule. Shahidi mchague mtu mwingine, si mimi. Siku utakayoona naweza kuwa mimi, hata iwe ni kwa shamba au kwa harusi ya Lucia, nitumie neno moja tu, nitapanda gari la kwanza.

Mpe Lucia mkono wangu, na majirani wote wanaonifahamu. Mungu akulinde wewe na nyumba inayokuja.

Ni mimi mdogo wako,
Christopha