Salamu Zilizoruka Kibamba

Kibamba, kwa Fatu

Mama Fatu, mke wangu wa pekee (narudia: wa pekee),

Hujambo, bibi? Magoti yanasemaje? Na jogoo wangu bado yu hai, au hasira zako zimeshamtia chunguni? Mie mzima, ila meno yanazidi kunihama. Kinyago cha mteja kimebaki miguu tu, nikimaliza narudi Newala.

Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Siku ile uliniuliza, "Jana kwenye salamu za redio walisema nini?" Mie nikajibu mbio, "Walimsalimu shemeji yako wa Masasi." Kumbe ulikuwa umewatumia kadi ya salamu, na aliyesalimiwa ni mie! Ukasema, "Mzee mzima mwongo! Umepata wa kukuziba masikio huko," ukakata.

Bibi, redio nilikuwa nimeipakata kama mjukuu. Ilinifokea shiii mwanzo mpaka mwisho. Nikaona haya kukwambia, maana tumezoea kusikiliza wote, wewe huko mie huku, tukishaswali magharibi. Ndipo nikazua.

Nikamshitakia Fatu, si mwalimu wa fizikia huyu? Akacheka. "Baba, wimbi la redio ya masafa mafupi kama yako linapanda juu sana, kule jua linakoichoma hewa mpaka inashika umeme. Likifika mpakani mwa hewa hiyo linarudishwa chini. Jua likizama, mpaka unabadilika, wimbi linakwenda kutua mbali zaidi."

Basi likaniruka kichwa, likashukia uwani kwako!

Akaongeza eti sumaku ya dunia hulipasua wimbi likawa mawili hukohuko juu, kila moja na njia yake. Yakikutana tena chini, mara sauti inafifia, mara inarudi.

Nikamwambia, "Hao ni mie na mama yako."

"Baba, kunywa chai."

Nisalimie dada yangu mwenye mdomo, na mkwe wetu fundi cherehani. Jirani yako anayekuchochea, naye msalimie, lakini kidogo.

Simu haipandi huko juu, bibi, inapita minarani tu. Barua ikikufikia, magharibi ikishaswaliwa, pokea. Unitajie maneno ya ile kadi polepole. Kila mwenye redio amesikia ulichoniambia, isipokuwa mie.

Mumeo, simu mkononi,
Baba Fatu