Uliniambia Nibonyeze, Nisiburuze

Salum, kaka yangu,

Desktop yako, ile sura ya kompyuta ukishaiwasha, nimeiacha. Nakwambia mwenyewe, maana nilikuwa nailinda kama ulivyoipanga: ile picha ya nyumba yenu ya Temeke nyuma, menyu pale chini, programu zako zimejipanga mstari mmoja. Tangu tulipokuzika sikugusa hata kimoja. Nikiwasha kompyuta naona kama umetoka tu, umeenda dukani, unarudi.

Lakini mashine ilikuwa imechoka. Kumbukumbu yake ni ndogo, na mapambo yale yalikuwa yanaimaliza yote. Nafungua somo la hesabu, inaganda. Nafungua pa kuandikia, inaganda tena. Na kompyuta hii uliniachia nisomee mtihani niliouacha nilipotoka Kasulu. Juzi nikasema basi, naacha kusoma. Mtu umefyatua matofali tangu asubuhi, mgongo unawaka, halafu upigane na mashine?

Ndipo nikafungua meseji zako za zamani. Ulikuwa unanicheka, unakumbuka? Napitisha kidole kwenye kile kibao cha kuburuzia mshale, mshale hausogei, saruji imenikausha ngozi. Ukasema, "Braza, vidole vyako vishakuwa tofali. Hicho kibao hakikutambui kama binadamu. Bonyeza, usiburuze." Ukanitumia amri ya kuweka ile programu inayopanga madirisha yenyewe, kazi yote unaifanya kwa kibodi. Mie nikabisha. Nikasema hayo ni mambo ya waliosoma.

Sasa nimeiweka. Nikaingia, kioo cheusi. Hakuna picha, hakuna menyu, hakuna mahali pa kugusa. Salum, niliona nimekupoteza mara ya pili. Nikachomoa betri, nikatoka nje, nikakaa juu ya ndoo. Baadaye nikaisoma meseji yako mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwahi kulifanya ulipokuwa hai: "Ukiona patupu usiogope. Ni patupu kwa sababu hujafungua kitu."

Nikarudisha betri. Nikabonyeza ulivyoandika. Dirisha la kwanza likajaa kioo kizima. Lilipokuja la pili, la kwanza likajisogeza, likampisha mwenzake. Somo kushoto, majibu yangu kulia, na hakuna kilichoganda. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Maana ndivyo tulivyolala kwenye kitanda kile hapa Chanika. Wewe ukirudi kuswali isha, mie nasogea ukutani bila hata kuamka. Siku hizi kitanda chote changu, na bado nalala ukutani.

Nilimwita Mama Zai, jirani, aje aone. Akatazama, akasema, "Mbona umeiharibu?" Akaenda zake kupika. Wewe ungeruka. Ungenipiga begani, ungesema nimekuwa mtaalamu.

Desktop yako haijafutika. Nikitaka naweza kuichagua wakati wa kuingia. Sijaichagua. Nikiichagua nitakaa naitazama tu, na masomo hayatasogea.

Pumzika, kaka. Mungu tuliyemwomba kila mtu kwa namna yake akupokee vizuri. Mtihani nitaufanya, hilo naahidi. Nikifaulu nitakuja kaburini kwako nikuambie kwa sauti, watu wanione kichaa. Nikifeli nitakuja vilevile, kwa sababu mji huu mzima sina mwingine wa kumwambia.

Ndugu yako,
Yusto