Kwinini Imeyeyuka, Mama Rhobi

Mama Rhobi,

Naandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama zile ulizosoma kwenye darasa la watu wazima. Najua ungenicheka: "Gati, hata mtu wa kaburini unamwandikia!" Cheka tu, Wegesa. Nina habari njema, na hapa Issenye hakuna anayejua kufurahi kama wewe.

Mwanao amepona malaria.

Tangu tukuzike, Rhobi analala kwangu. Mume wetu alikubali, lakini mashemeji walikuwa wananitazama: mke mdogo atamweza mtoto wa mwenzake? Mvua zilipokatika akashikwa na homa. Akawa anaweweseka, anakuita wewe. Mimi, mhudumu wa zahanati, nikasahau hata pa kuanzia.

Unaukumbuka ule unga wa kwinini? Siku moja uliniletea chakula kazini, ukaitazama chupa, unga umetulia chini, maji juu. Ukasema, "Dawa yako imezama kama ng'ombe aliyeshindwa kuvuka Mto Mara." Nikatikisa mpaka mkono ukauma, bado chembechembe. Kwa Rhobi ikawa hivyo hivyo. Zile chembe zinamkwama kooni, anatapika yote. Tukarudia, akatapika tena. Nilitoka nje nikalia, dada yangu.

Hapo nikakumbuka mafunzo ya Musoma. Kule kwinini tuliiyeyusha kwa matone ya asidi. Asidi yetu hapa ilikuwa imeisha, na lori la dawa halijafika. Lakini asidi si uchachu tu? Nikamfuata Bwana Mganga, mkuu wetu wa zahanati. "Ndimu je?" Akakuna kichwa. "Jaribu. Ila kipimo cha dawa kisibadilike."

Nikakamua ndimu za shamba la ujamaa, nikachuja kwa kitambaa, nikatia kidogo kidogo huku nakoroga. Maji yaliyokuwa meupe kama chokaa yakaanza kufunguka, yakafunguka, yakawa safi! Nikainua chupa juani, ikang'aa kwa rangi ya buluu ambayo sijapata kuiona; kumbe kwinini ikiyeyuka hung'aa hivyo juani. Nilipiga vigelegele peke yangu. Wagonjwa kwenye benchi wakadhani kuna mtu amejifungua.

Rhobi alikunja uso kwa uchungu wa dawa, nikamlambisha sukari. Ikakaa tumboni. Tukaendelea hivyo mpaka dozi ikaisha, na homa ikaondoka. Asubuhi moja akaamka anadai maziwa ya mgando. Mume wetu akakimbia mwenyewe kuleta kibuyu. Ungemwona anavyokimbia na lile tumbo!

Sasa Rhobi anacheza ngoma mpaka vumbi linajaa uani. Jana shemeji mmoja alimuuliza, kwa kumchokoza, "Wewe mama yako ni nani?" Akajibu bila kufikiri, "Wegesa na Gati." Mimi nikaingia jikoni, maana nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Basi pumzika, mke mwenzangu. Nakuahidi hatalala njaa wala kulia bila mtu wa kumshika. Na kila akiita "Mama," nitaitika kwa ajili yetu wote wawili.

Wako,
Gati