Kupe wa Temple Hills

Temple Hills, 9 Julai 2024. Mwaka wa saba tangu nitoke Uvira.

Mama,

Hujambo na wote nyumbani? Shangazi Sikujua na magoti yake je?

Mimi nipo, ila uso umeharibika. Jumapili niliamka mdomo umekwenda upande, jicho la kushoto halifungi, chai inamwagikia shati. Nakutumia picha ili usisikie kwa watu. Bosi anayetupeleka kufyeka vichaka vya nyumba za watu anasema nimelewa. Darius, tunayelala naye chumba kimoja, anasema nishukuru, nusu moja bado ina sura ya mtu. Kesho naenda kwa daktari.

Mwanao, Ombeni

Uvira, 11 Julai

Mwanangu,

Sisi wazima, lakini picha imetutoa machozi. Ni shavu la kushoto. Siku ulipoondoka, Sikujua alikutemea mate ya baraka shavu gani? Wote tuliona. Mchungaji Festus ameitazama picha, amesema mate yale hayakuwa ya Mungu. Vijana wa mtaa wanataka kumtoa. Na yeye amekaa kwenye nyumba ya marehemu baba yako, anaagiza chai kama malkia. Wanangoja neno lako tu. Jibu upesi.

Mama yako

Temple Hills, 2 Agosti

Mama,

Nawasalimu nyote. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuandikia nisichokijua. Daktari wa kwanza alisema ni mshipa wa kichwa. Wa pili alisema ni uchovu, nipumzike, kama vile ananilisha yeye. Wa tatu alinipa karatasi ya kulipa tu. Ndipo Audrey, nesi Mkenya wa Silver Spring, akaniuliza, "Baba, si wewe hufyeka vichaka? Hukuona doa mwilini?" Nililiona mwezi wa sita, pajani. Daktari wa kwanza aliliona pia, akasema nimejigonga kazini.

Ni kupe, Mama, huuma na kuacha ugonjwa. Wa hapa ni mdogo kama mbegu ya ufuta. Mzungu tunayefanya naye kazi alipata duara jekundu, likatambuliwa siku hiyohiyo. Kwenye ngozi yangu lilikuwa jeusi tu. Mwingine amevimba goti, uso wake mzima. Audrey anasema kuna ambao moyo unakosa mapigo, na Ulaya kuna ambao ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Mimi ugonjwa umenishika usoni. Nilipewa vidonge, na tangu Jumamosi mdomo umeanza kurudi.

Shangazi hana kosa. Waambie wote, na Festus mwambie wa kwanza. Kisha mpe Shangazi simu nimsikie.

Mwanao, Ombeni

Uvira, 4 Agosti

Mwanangu,

Tumeshukuru kwa uso wako. Lakini usinifundishe kupe. Papasi, kupe wa nyumbani, nimelala nao tangu utoto, wanaleta homa inayokwenda na kurudi, hawapindi mdomo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitoa kupe kwenye masikio ya mbuzi wetu kwa vidole. Ulipindika wapi?

Ulinyamaza zaidi ya wiki mbili, Festus akasema mtoto amekubali, anaona haya kutamka. Shangazi yako Sikujua tulimtoa. Hawakumpiga sana. Alishika njia ya Mboko bila viatu, akiuliza kama wewe umeandika. Nilimwambia hujaandika, na ilikuwa kweli.

Tulimtoa Jumamosi, tarehe 27 Julai. Na wewe mwenyewe unaandika kwamba mdomo ulianza kurudi Jumamosi hiyohiyo. Sasa unataka ushahidi gani? Festus anasema ukija usimame mbele ya kanisa, watu wauone uso huo.

Mama yako

Temple Hills, 30 Septemba

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi nimepona, jicho linafunga.

Vidonge nilianza kumeza siku sita kabla ya Jumamosi hiyo. Najua hutawaambia.

Binamu Jaël amenipigia kutoka Mboko. Shangazi alifika huko na homa, akalala nyuma ya soko, akafa. Watu wa huko walimzika bila kujua jina lake. Jaël alimtambua kwa kitenge walichobaki nacho.

Kanisani sitasimama. Chumba changu mpe mtu mwingine. Nafika tarehe 19 Desemba, nitashukia Mboko.

Ombeni, mtoto wa kaka yake Sikujua