Magunia Yako Bado Yako Getini

Mke wangu, mama wa watoto wangu,

Mwaka umetimia tangu ututoke, asubuhi ile ulipoomba chai ukaiacha ipoe. Tunakusalimu sote. Ningependa kukuambia huku ni shwari, lakini mimi na wewe hatukuzoea kudanganyana.

Cherehani yako iko palepale dirishani. Binti yako anaifuta vumbi, hataki mtu aiguse. Chini ya meza kuna magunia ya unga uliyoyatia mikanda ya begani, ili mtu apande mlima mikono ikiwa huru, aokote takataka huku anatembea. Kila Jumamosi uliwavisha wapandaji pale kwenye geti la hifadhi, watake wasitake. Ndipo wakakupachika jina la Mama Gunia.

Na maneno ulikuwa nayo! Kijana mmoja wa miwani alitupa chupa njiani mbele ya macho yako. Ukamwita, "Mwanangu, umeangusha." Akasema, "Mama, si kuna watu wanalipwa kuokota?" Ukamjibu, "Haya, nionyeshe mmoja nimsalimie." Wenzake walicheka mpaka akarudi kuiokota, na gunia akalivaa. Siku hizi haachi kuja. Alikulilia kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Watu uliwaweza. Waliokushinda ni wakubwa wa hifadhi. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuleta lori lichukue takataka getini. Ulipokuwa hai uliwafuata ofisini mpaka mlinzi akawa anakufungulia bila kuuliza. Ulipofumba macho, na lori likafumba. Magunia yanarundikana, nyani wanayapasua, upepo unarudisha chupa na mifuko kulekule njiani ulikoitoa. Mtu si atachoka?

Nikaenda mwenyewe. Mkubwa akaniambia, "Mzee, pole sana, lori ni bovu." Wiki hiyohiyo likapanda na viti na maturubai, wakazindua pale getini bango lenye picha yako. Wakahutubia weee, wakanywa maji, wakaondoka. Chupa zao tumeziokota mimi na binti yako. Wewe juu unacheka, chini yako uvundo. Sikusoma sana, lakini hilo halihitaji shule.

Sasa wametuma mtu, eti wanataka kuja hata kwenye kumbukumbu hii, wasome risala. Mdogo wangu akasema, "Kaka, wapokee tu, wasije wakakuona mkorofi." Wanione! Nimekataa.

Jumamosi hii tunapanda wenyewe, kama ulivyopenda. Anayekukumbuka aje getini asubuhi, magunia yapo. Tukishuka hatuachi kitu pale. Seremala jirani yetu ametuazima mkokoteni. Tutabeba yote, mapya na yaliyooza, tuyashushe mlangoni kwa mkubwa, na hapohapo tutakaa mpaka lori lipone.

Unakumbukwa na mimi mumeo, binti yako, mwanao wa kiume na mkewe, wajukuu zako, dada yako, shemeji zako, majirani, na wote uliowavisha gunia.

Pumzika, mke wangu. Kugombana tuachie sisi. Siku zote uko nasi.