Waliokuja Kukulilia Wakaishia Kukupigia Kampeni

Dada yangu Adela,

Shikamoo. Najua huko ulipo hakuna wa kukuamkia, basi itikia vizuri, usinibanie. Hapa Nyakisasa tuko wazima, na mimi mdogo wako nimezidi uzuri. Nikipita na pikipiki yangu, akina mama wenye mabinti wanaacha jembe shambani. Kidato cha pili sikukimaliza, sawa, lakini barua hii naiandika wazi kila mtu aisome, na wenye vyeti wajifunze.

Unakumbuka ulipogombea ukiranja mkuu? Kura yetu ilikuwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, na mgombea haruhusiwi kugeuka. Ukaninong'oneza, "Deo, nyuma kuna watu?" Nikakujibu, "Dada, mstari umefika chooni!" Kumbe nyuma yako niko mimi tu na kamasi zangu. Ukanyoosha shingo kama umeshashinda, na waliokuwa wanasitasita wakaja kwa sababu ya hiyo shingo. Baadaye ulinifinya sikio. Asante bado naisubiri.

Uliporudi kumsimulia baba, alizima redio akusikilize. Baba kuzima redio! Yule ambaye hata mbuzi akizaa anasema, "Subirini habari ziishe." Ndiye aliyekufundisha kubishana siasa, wewe unamenya ndizi, yeye anakuchokoza: "Haya, ungekuwa mbunge ungesema nini?"

Ndiyo maana ulipochukua uraia wa Kijerumani aliumia kuliko sisi wote. Pasi yetu ya kusafiria uliirudisha, maana sheria ya hapa haikuruhusu kubaki na zote mbili. Akasema, "Mimi sina mtoto Mjerumani." Tangu hapo ukipiga simu anakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hajafungwa. Ng'ombe gani? Sisi tuna mbuzi.

Halafu ukaniambia unagombea bunge la jimbo lenu. Niliruka! Lakini sauti yako ilikuwa chini. "Deo, mabango yangu wanayachana, hilo naliweza. Ila bila baraka ya baba najiona kama mtu asiye na kwao. Nafikiria kuachana na kampeni."

Basi usiache kabla hujasikia ya Jumapili.

Mama alipeleka jina lako kigangoni uombewe. Kwa kumwogopa baba, hakutaja sababu. Katekista akasoma hivyo hivyo: "Tumwombee Adela, binti wa Mzee Filbert, aliyeko Ujerumani." Akaishia hapo. Na wewe unatujua: jina likisomwa bila sababu, sababu watu wanaitafuta wenyewe, na hawatafuti ndogo.

Mimi na baba tulikuwa Benaco mnadani, mama baada ya ibada akapitia kisimani. Tunarudi, uani kumejaa. Wanawake wamekuja na kuni na mikungu ya ndizi, wanaume wamejipanga kwenye mabenchi. Baba akashuka kwenye pikipiki.

"Kuna nini hapa?"

Jirani yetu bibi Generoza akamshika mkono. "Keti kwanza, mzee."

"Nimeuliza kuna nini!"

"Ni Adela wetu. Mungu amempenda zaidi."

Baba hakuketi, alianguka. "Mwanangu," akasema. Neno Mjerumani hakulitaja. "Mwanangu, na simu yake sikupokea."

Mama akatokea na ndoo kichwani. "Nani kafa?"

"Adela."

"Adela yupi? Si asubuhi hii katuma picha anakula mkate!"

Ikabidi aeleze yote mbele ya watu, kwamba kule una uchaguzi, ndiyo maana alitaka uombewe. Nikajua sasa baba atafoka. Wapi! Alisimama, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akasema, "Jamani, hajafa. Anagombea ubunge."

"Wa wapi?" bibi Generoza akauliza.

"Wa jimbo, Ujerumani. Siyo lile bunge kubwa la nchi nzima. Lakini ni bunge!" Kumbe mjanja yule alikuwa anafuatilia mambo ya huko redioni muda wote! Akawafafanulia kwamba mpiga kura wa kule ana kura mbili, moja ya mtu na moja ya chama.

Mzee mmoja akadakia, "Mbili? Kwa hiyo na pilau la kampeni wanakula mara mbili?"

Watu wakacheka mpaka wakalia tena. Na kwa kuwa ndizi za msiba hazirudi zilikotoka, zikapikwa zote. Urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, ikatokea sijui kwa nani. Waliokuja kukulilia wakaliimba jina lako kwa makofi. Hakuna hata mmoja mwenye kura huko, lakini kampeni walifanya.

Walipoondoka, baba akaniita pembeni na simu yake, ambayo siku zote tunampokelea sisi. "Hii simu, mtu akipiga, unagusa wapi?" Nikamwonyesha. Akajaribu mara kadhaa, mimi nikimpigia kutoka nyuma ya nyumba. Nikamweleza pia kwamba unafikiria kuacha kampeni kwa kukosa baraka yake. Kisha akasema, "Mwambie dada yako mtu haachi kugombea kwa sababu baba yake mbishi. Huo ubishi wake yeye kautoa wapi?"

Hiyo ndiyo baraka, Dada. Kwa mzee wetu haiji laini zaidi ya hapo. Nenda kasimame. Ukishinda nitatamba Ngara nzima na Biharamulo. Ukishindwa nitatamba hivyo hivyo, maana sura sipewi na kura.

Ila ukipiga, piga namba yake, siyo yangu. Tangu Jumapili simu iko mfukoni mwa shati lake, na hata mimi fundi wake haniruhusu kuigusa.

Mdogo wako kitindamimba,
mkuu wa kampeni zako Nyakisasa (hukuniteua, nimejiteua),
Deo